Mistafeli Mitatu ya Mwatime

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Mti, na mwenye mti, na mla mti!

Hapo kale, watu na wanyama walipokaa kitongoji kimoja, aliondokea mjane jina lake Mwatime. Nyuma ya nyumba yake alipanda mistafeli mitatu. Akaichotea maji, asubuhi mtungi, jioni mtungi. Akaifunika mashina kwa nyasi, jua lisiunguze mizizi. Miaka minne hiyo, jamani, ndipo ikatoa maua.

Siku moja akaamka, akakuta mti mmoja umegugunwa gome pande zote. Chini umeanguka mwiba wa Nungunungu, jirani yake. Na mti uliochunwa hivyo hauponi.

Akamwendea Nyati, mkubwa wa kitongoji.

"Bwana Nyati, Nungunungu ameniulia mti."

"Samehe, Mwatime. Jirani ni jirani."

Akasamehe, shingo upande.

Mwezi haukuisha, wa pili ukagugunwa.

"Bwana Nyati, ameniulia wa pili."

"Samehe, mama. Njaa haina macho."

Akasamehe, meno yakisagana.

Wa tatu nao ukagugunwa, maua yakapukutika yote. Nungunungu akapita uani akilamba midomo: "Huu mtamu kuliko ile miwili!"

Mwatime hakulia. Akashika shoka. Akakata mti wa kwanza, akauburura mpaka mlangoni kwa Nyati. Akakata wa pili, akauburura. Akakata wa tatu, akauburura, mlango ukazibika ndi, na Nyati yumo ndani.

"Mwatime! Nina kiu! Ondoa miti yako!"

"Si nimeiondoa kwangu?"

"Basi nisamehe, mama!"

"Sisamehe! Nungunungu hukumwita hata kumuuliza. Kwa nini?"

Nyati akajibu, sauti ndogo kama ya mbu: "Naogopa miiba yake."

"Ahaa! Mwenye miiba aogopwe, na mimi nisiye na miiba ndiye nisamehe kila siku!"

Siku ya kwanza Mwatime hakubanduka pale. Ya pili hakubanduka. Ya tatu kitongoji kizima kikakusanyika, na Nyati, ulimi nje, akahukumu akiwa nyuma ya matawi: Nungunungu apande mistafeli mitatu, aichotee maji asubuhi na jioni mpaka izae. Akikataa, ahame.

Nungunungu akawatazama watu, hakuna anayecheka. Akachukua mtungi, na Mwatime akaiondoa miti mlangoni.

Alichota miaka minne, Mwatime kamsimamia, hamsemeshi. Stafeli la kwanza lilipoiva, mama huyo alilila lote peke yake, mbele ya Nyati na Nungunungu, na mbegu akawatemea miguuni.

Na hapo ndipo ninapoutua mzigo wangu. Msamaha hauamrishwi na asiyeumia. Mkosaji alipe kwanza, ndipo aombe.

Nami nilipita siku ile, nikaomba japo kipande. Alivyonitazama! Kiatu changu kimoja kiko kule mpaka leo, nani atakifuata?