Bati la Chumba cha Baba

Chumba cha mzee hakikuwa na dari. Jua la mchana likilipiga bati, humo ndani mlikuwa tanuri, na mzee mwenyewe, aliyepooza upande mmoja, alishinda kitandani akitweta. Binti yake, mwalimu wa sayansi, hakuvumilia. Alinunua karatasi za kung'aa akazitundika chini ya bati lote.

"Bati likipata moto linatutemea joto kama jiko," alimweleza kaka yake, muuza viatu aliyependa makuu. "Karatasi hizi zinalirudisha lilikotoka. Mguse baba kipaji cha uso uone alivyopoa."

Kaka alibetua midomo. "Umetugeuzia nyumba pakiti ya biskuti!"

Siku wazazi wa mchumba wake walipotarajiwa kuja, dada yake akiwa kazini, alipanda ngazi akazing'oa zote. Mzee alimtolea macho, akatikisa mkono wake mzima. "Usi... usi..."

"Tulia, baba. Ni leo tu, wageni wakiingia kukusalimu nisiaibike."

Wageni walikirimiwa sebuleni. Vicheko viliponoga, kishindo kikasikika chumbani. Mama wa mchumba alitangulia kuingia. Mzee alikuwa ameanguka sakafuni, midomo imekauka kama gome, mwili unachoma. Walimbeba nje kivulini wakamkanda kwa maji hadi akapumua vizuri.

"Mwanangu," yule mama aliuliza, "mbona mgonjwa mmemlaza chini ya bati tupu? Sisi hata banda la kuku tumelitundikia karatasi za kung'aa."

Kisha aligeuka, akaiona ngazi ukutani na karatasi zilizokunjamana chini yake. Alimtazama kaka, kisha akatazama pembeni. Heri angemtukana! Wageni waliaga mapema, bila kutaja siku ya kurudi.

Dada aliporejea, alimkuta kaka yake amepiga magoti, akizinyoosha karatasi kwa viganja huku machozi yakimdondoka.

"Ukizitundika tena, acha nafasi kati ya karatasi na bati, zisipate moto," alimwambia tu.

Jioni kaka alimpelekea baba maji. Mzee, ambaye hakuwa amemkosea mtu, aligeuzia uso ukutani. Kaka akabaki na kikombe mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Hakika, mchuma janga hula na wa kwao.