Sufuria ya Mishikio Mitatu

Katika mji wa Nurani alitawala Sultani Dhulkifli bin Mardasi, na diwani yake ilikuwa na makarani wengi kuliko raia, na aliharamisha mtu kucheka bila hati yenye mihuri minne. Basi Haruni mfua shaba alimwona karani akimwandikia mbuzi hati, akacheka, akahukumiwa kukatwa kichwa siku ya Ijumaa.

Mchumba wake, Rukia, alikuwa mpishi wa waasi mlimani. Na waasi walikuwa na majemadari watatu, Ghalibu mhunzi, Nabhani mshona mahema na Tamimu mchunga ngamia, nao hawakupendana hata kidogo. Lakini chakula chao kilitoka katika sufuria moja ya shaba, na jini aliyefungwa humo hapiki mpaka watu watatu waishike na kuinyanyua. Kwa hiyo walipatana mara mbili kwa siku, na jeshi likakaribia lango la mji.

Waziri wa Sultani hakutuma askari. Alimtumia kila jemadari sufuria ya dhahabu yenye jini wake, na barua: “Kwa Amiri Mkuu wa Waasi, peke yake.”

Jumatano asubuhi kila mmoja akala kwake. Adhuhuri yakawa majeshi matatu na bendera tatu. Alasiri Tamimu akaapa kuuteka mji, ila kwanza ampige Ghalibu.

“Mabwana zangu,” akasema Rukia, “Ijumaa ni kesho kutwa.”

“Subiri, bibi,” akajibu Nabhani, “tuamue nani atakalia kiti cha enzi.”

“Na Haruni wangu?”

“Tutamjengea kaburi zuri.”

Rukia akaigonga sufuria kuukuu kwa upawa, na jini akatoka akijikuna.

“Wale wa dhahabu unawajua?”

“Wadogo zangu, tumbo moja! Hatujala pamoja miaka mia tatu.”

“Waalike basi.”

“Ehe! Mkataba wetu, kifungu cha tisa: jini akialikwa na nduguye, bwana wake hana kauli. Waziri hakukisoma. Hakuna akisomaye.”

Wakaja, na sufuria za dhahabu zikapoa. Alhamisi majemadari wakafika kwa Rukia, kila mmoja akidai amekuja kwa ajili ya amani, na kijiko kimefichwa katika mkono wa kanzu.

“Shikeni,” akasema Rukia. “Pilau inapakuliwa langoni.”

Wakaibeba huku wakitoka jasho, na majeshi yakafuata harufu. Mlinzi wa lango akauliza hati, akanusa, akauliza, “Ina zabibu?” akafungua. Watu wa mji walipoona majemadari watatu wakibeba sufuria na kusukumana, wakacheka wote, na makarani wakaandika majina mpaka wino ukaisha. Na Sultani, kule roshani, akacheka pia, wala hakuwa na hati. Mkuu wa gereza, mtu wa kanuni, akamkamata. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, akamtoa Haruni.

Rukia akaolewa, na sufuria tatu za dhahabu zikawa mali yake.

“Sasa nani sultani?” akauliza Ghalibu.

“Yeyote atakayeinyanyua ile ya shaba peke yake,” akasema bibi arusi.

Mpaka leo wanatawala watatu, wakinuniana, mara mbili kwa siku. Nawe msikilizaji, ukitaka kuwatawanya watu, mpe kila mmoja chungu chake. Na ukitaka wapatane, usiwahubirie mapenzi, wapikie pamoja.