Kisu Kilichozunguka Hewani

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchonga vyuma, stadi kwelikweli, aliyezeeka akizungusha mikono ya mashine kwa nguvu zake mwenyewe. Karakana yao ilitengeneza miguu ya bandia. Siku moja wakaletewa mashine ya kompyuta. Sasa hii mashine, wapendwa, haina macho. Kisu chake kikilika kwa kazi, yenyewe haina habari. Lazima fundi apime, kisha aiandikie kwamba kisu kimebadilika kiasi fulani. Ukiiambia ukweli inaamini, ukiiambia uongo inaamini.

Asubuhi hiyo kwenye benchi alikaa mama mmoja mshonaji, magongo mapajani, akisubiri goti la mguu wake wa bandia. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha chuma cha kufaa, na mzigo mwingine ulikuwa wa kungoja miezi minne. Miezi minne, na cherehani yake ni ya kukanyaga! Fundi akamwambia, "Mama, leo unatoka hapa unatembea. Nimeshasema."

Akachonga. Tundu likatoka dogo, pini ya goti haipiti. Akapima kisu, akakuta kimelika kama upana wa unywele. "Kimepungua, basi tuongeze," akasema, akaandika namba yenye alama ya kujumlisha. Nani angemlaumu? Mashine za zamani ndivyo zilivyo, ukitaka zaidi unazungusha zaidi.

Akawasha tena. Loo! Kisu kikazunguka hewani, hakikugusa hata chembe. Je, alikata tamaa? Thubutu! Akaongeza namba mara mbili. Hewani. Mara tatu. Hewani! Jasho linamtiririka, na yeye anaongeza tu.

Mama akauliza, "Fundi, mbona kila ukiongeza, kisu kinazidi kukaa mbali na chuma?"

"Mama, tulia. Hii siyo cherehani."

Akachukua nyundo ili aipigilie ile pini kwa nguvu. Hapo mama akasimama na magongo yake, akaweka kiganja juu ya kile chuma. "Hilo ni goti langu! Ukilipasua, atakayeumia siyo wewe. Nimekuuliza swali, baba. Mbona kisu kinakimbia?"

Fundi akabaki na nyundo juu. Akarudi kuitazama ile namba, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Muda wote huo alikuwa akiiambia mashine kwamba kisu kimenenepa! Na mashine, kwa utiifu wake, ilikuwa inakirudisha nyuma kisiharibu kazi. "Mama, nisamehe," akasema. "Mashine haina kosa. Nimeihangaikia kazi yako kwa bidii, kinyume."

Akarudisha namba ya kwanza, akafuta jumlisha, akaweka kutoa. Kisu kikauma chuma, vinyuzi vikaanguka, na pini ikapita taratibu bila kusukumwa.

Ndugu zangu, mnaona? Huyu mtu hakuwa mvivu. Shida yake ilikuwa bidii! Laiti angekuwa mvivu, angesimama mapema akajiuliza. Na sisi je? Mtoto akianza kutukwepa, tunaongeza ukali. Anatukwepa zaidi, tunaongeza tena, tukijisifu kwamba tunalea. Mume anaona nyumba imepoa, anaongeza amri. Tunafunga, tunakesha tukiomba, tunamlilia Mungu atupe nguvu za kuendelea, kumbe tunachohitaji ni kugeuka. Toba siyo kukaza mwendo katika njia ileile. Na mara nyingi aliyekuwa wa kwanza kuliona kosa ni yule anayeumia, tukamwambia atulie.

Basi leo ukifika nyumbani, usiongeze kitu. Mwite yule uliyemnyamazisha. Mwambie, "Ulitaka kusema nini?" Kisha wewe, baba, mama, mchungaji kama mimi, funga mdomo umsikilize mpaka amalize.