Ndovu Aliyetaka Mti wa Krismasi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa msitu...
— Tuingie!
Una miiba...
— Tutanyanyua miguu!

Haya, nyanyueni. Hapo kale, Mama Kindi alikuwa na kiota juu ya msonobari, kando ya chemchemi. Ndani yake vililala vitoto vyake, macho bado hayajafunguka.

Krismasi ilipokaribia, akasikia ardhi ikilia: ndi! ndi! ndi! Ni Ndovu, mwenye nguvu kuliko wote na tumbo kuliko nguvu zake.

"Shikamoo, mzee," Kindi akaamkia.

"Marahaba. Shusha watoto, naung'oa mti huu. Nitausimamisha kwangu, wanyama wote walete zawadi chini yake. Nile mpaka nikome!"

Moyo wa Kindi ukapiga puku-puku-puku. Ahamie wapi na vichanga? Akasema, "Mzee, mti mbichi ukishang'olewa hunyauka. Subiri, nikuletee wa plastiki. Huo haunyauki."

Mbio! Chapu-chapu! Akauvuta mti wa plastiki kutoka jalala la hoteli. Ndovu akaunusa: fff! Haunuki kitu. Akautafuna: kwacha, kwacha... ptuu!

"Unakwama menoni! Nataka mti wa kweli. Huu huu!"

Akauzungushia mkonga msonobari. Kiota kikayumba. Vitoto vikalia: wii! wii!

Kindi machozi yakamlenga, lakini ulimi haukumkauka. "Ngoja, mzee! Wa kweli hunyauka, wa plastiki hauna harufu. Lakini msitu huu una mti mmoja mnene, mrefu, haunyauki, na harufu unayo ya kutosha."

"Upo wapi?"

"Ni wewe! Tukikupamba, zawadi zote zitakaa miguuni pako."

"Zote?"

"Hata ndizi moja haitabaki njiani. Ila uape mbele ya wote: mti hausogei mpaka karamu iishe."

Ndovu akaapa upesi, mate yakimdondoka.

Siku ya Krismasi, tumbili wakamvika shanga za matunda mekundu. Vipepeo wakatua mgongoni. Kindi akambandika ua la alizeti kipajini, likawa nyota. Wageni wakaja na ndizi, miwa, mahindi ya kuchoma, na fenesi kubwa kama ngoma. Vyote miguuni pa Ndovu! Naye akatabasamu.

Kindi akapiga makofi. "Jamani, zawadi zifunguliwe!"

Wageni wakala. Ndovu akanyoosha mkonga kuchukua ndizi. Kindi akaimba:

"Mti wetu simama tuli,
Mti haunywi, mti hauli!"

Wageni wakaitikia, wakicheza. Ndovu akarudisha mkonga. Wakala miwa. Ndovu akanyoosha mkonga.

"Mti wetu simama tuli,
Mti haunywi, mti hauli!"

Akarudisha. Tumbo likanguruma: ngrrr! Fenesi likapasuliwa, pwaa! Harufu ikampanda puani.

"We Kindi!" akanong'ona. "Ulisema ni zangu!"

"Nilisema zitakaa miguuni pako, mzee. Tumboni nilitaja lini?"

Ndovu akataka kukanyaga kwa hasira. Kuangalia chini, watoto wa ngiri na wa swala wamemkumbatia miguu, wanacheka. Akikanyaga, amekanyaga nani? Na kiapo je? Akasimama. Alizeti usoni, machozi mashavuni.

Karamu ikaisha, yakabaki maganda ya fenesi. Ndovu akayala yote, amenuna. Ndipo kitoto kimoja cha ngiri kikamwambia, "Babu Mti, wewe ni mzuri kuliko miti yote!"

Masikio ya Ndovu yakafunguka, pwa! Akatazama huku na huku, akamwinamia Kindi.

"Mwakani," akanong'ona, "mnipambe mpaka mkiani."

Kindi akapanda msonobari wake. Juu kule kiotani, kitoto kimoja kilikuwa kimefungua jicho.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba msiwadanganye wakubwa, haifai kabisa. Na mkitaka mti wa Krismasi, chagueni wa plastiki: hata mkila mbele yake, haulii.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu...
— Tutalamba vidole!
Ikiwa chungu...
— Tutakurudishia!
Nirudishieni na fenesi.