Sarafu ya Mizani ya Mzee Maftaha

Sogeeni karibu, lakini kabla sijaanza tuwekeane sharti. Atakayesema "si wagawane tu" ainuke aende zake. Nimeisimulia hadithi hii mara tisa tangu mwezi uandame, na kila mara hakosekani mwerevu mmoja wa kuniambia wagawane. Mimi ni mshona viatu. Kiatu kimoja nikikikata vipande vitatu, nimewavisha watu wangapi?

Haya. Kibanda changu kiko nyuma ya soko, kinatazamana na duka la sonara. Katika mji wetu wapo watu watatu ambao kazi yao, ukipenda kuiita kazi, ni kutafuta sarafu zilizoanguka. Msiwacheke. Soko lina watu, watu wana mifuko, na mifuko mingine imetoboka.

Wa kwanza ni Kibibi, muuza ubuyu wa langoni. Huyu kapewa masikio. Sarafu ikianguka popote sokoni, hata wauza nyanya wawe wanapigiana kelele, yeye anaisikia, na atakwambia ni ya kiasi gani, imeangukia wapi na imelala juu ya nini. Siku moja niliangusha ya mia hapa kibandani. Akaniambia kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi, iko nyuma ya kopo la gundi." Nikatazama nyuma ya kopo la gundi, nikaikuta. Nilikasirika siku nzima, na mpaka leo sijui nilikasirikia nini.

Wa pili ni Zaharani. Alikuwa mfagizi wa soko kwa miaka kumi na minne, mpaka walipomwachisha kazi. Huyu kapewa akili ya takataka. Anajua ufagio wa nani unasukuma kuelekea wapi, maji ya wauza samaki yanamwagwa saa ngapi, mtaro upi unaziba na unazibuliwa siku gani. Mwambie kitu kimeanguka hapa Jumatatu, naye atakwambia Alhamisi kitakuwa wapi.

Wa tatu ni Mhina, mtu wa stendi na uwanja wa mpira. Huyu kapewa nyayo. Anatembea peku, polepole, na chini ya mchanga unyayo wake unatofautisha kizibo cha soda na shilingi. Tumekaa mtaa mmoja miaka ishirini na hajawahi kuniletea hata kandambili. Mwaka juzi alikanyaga chupa akalala wiki tatu. Alipopona akarudi vilevile, peku. Nilimwambia, "Mhina, utakufa kwa pepopunda." Akaniambia, "Fundi, nikivaa viatu nitakuwa kipofu."

Watatu hawa hawapikiki chungu kimoja. Kibibi husema Zaharani ananuka mtaro, Zaharani husema Kibibi ana masikio ya kusikiliza mambo ya watu, na Mhina huwaambia wote wawili kwamba hawajui kazi. Kila mmoja na eneo lake.

Sasa njooni kwa sonara, Mzee Maftaha. Mzee huyu hupima dhahabu kwa sarafu. Ni sarafu ya fedha ya zamani sana, imelika upande mmoja, nayo alipewa na fundi aliyemfundisha kazi siku alipomwachia duka. Sahani moja anaweka dhahabu yako, sahani ya pili anaweka sarafu, na panapopungua anajazia kwa macho ya tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Kisha anaandika kwenye daftari: dhahabu ya fulani, sarafu moja na mbegu nne. Hakuna gramu wala nini. Nilimwambia miaka kumi iliyopita anunue mizani ya betri. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

Bi Mize alimletea bangili za marehemu mama yake ziyeyushwe, zitengenezwe mkufu wa bintiye. Harusi ilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Zilipimwa: sarafu moja na mbegu nne. Mkufu ukatengenezwa, ukapendeza. Ijumaa mchana, kabla ya kuupima mbele ya mwenyewe, Mzee Maftaha akatoka kwenda msikitini, na sarafu akaifunga kwenye leso kama kawaida yake, maana haiachi dukani. Akapita sokoni. Alipofika kwa wauza pilipili manga akapiga chafya, akachomoa leso, akajifuta, akaendelea na safari yake. Leso alirudi nayo. Sarafu hakurudi nayo.

Mnaelewa maana yake? Mkufu upo, lakini hakuna wa kushuhudia kwamba ndiyo dhahabu ileile, yote. Ukiuweka kwenye mizani ya duka jingine utaambiwa gramu, na gramu hazikuandikwa popote. Jumamosi shemeji yake Bi Mize akasimama mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu, "Mzee mzima unaiba dhahabu ya harusi, halafu unasingizia sarafu imepotea." Mzee Maftaha akarudi ndani. Miaka arobaini hajaambiwa neno hilo. Alikaa kwenye kigoda chake ameshika sahani tupu, nami nilimwonea uchungu mpaka nikashindwa kushona.

Mwenyewe alitafuta siku mbili, na macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa anapapasa tu. Jumapili jioni akatangaza: "Atakayeniletea sarafu yangu nitamfundisha kazi, na nikiondoka nitamwachia duka, mizani na sarafu yenyewe. Hakuna mtoto wangu atakayegombana naye. Binti yangu hataki usonara."

Nikamuuliza, "Mzee, wakiileta wawili je?"

Akasema, "Fundi, sarafu moja haiokotwi na watu wawili."

Mnaona pale tulipoanza kuharibu.

Jumatatu asubuhi Kibibi aliposikia tangazo akapiga paja. Ijumaa ile alisikia sarafu ikianguka, na si ya siku hizi, maana ilikuwa na mlio mzito, wa fedha. Ilidunda mara mbili kwenye saruji ya wauza pilipili, ikajiviringisha, ikazama penye majimaji, karibu na meza ya mwisho ya samaki. Alikuwa na wateja, na alipopata nafasi ya kwenda kutazama sakafu ilishaoshwa. Katika mji mzima wenye stendi, misikiti, hospitali na vibanda vya kahawa, ni yeye peke yake aliyejua pa kuanzia. Akaenda, akapiga magoti kwenye magamba ya samaki tangu saa mbili mpaka saa sita. Hakupata kitu. Ikambidi ameze kiburi, akamwendee Zaharani.

Zaharani alimsikiliza bila kuinuka. Akasema, "Dada, unatafuta Ijumaa na leo ni Jumatatu." Kisha akahesabu kwa vidole. Sakafu ya samaki huoshwa Ijumaa, na maji yanakwenda mtaro wa nyuma. Mtaro huo unaziba kwenye kona ya choo. Jumapili huzibuliwa, na tope lake halitupwi jalalani, kwa kuwa uwanja wa mpira una shimo mbele ya goli la kusini na wenye timu wameomba kifusi. "Iko golini," akasema. Wakaenda wote wawili. Kweli, tope la mtaro lilikuwepo, magamba ya samaki yanaonekana. Lakini vijana walishacheza mechi juu yake, wameligandamiza likawa gumu kama sakafu. Wakachimba kwa kijiko na kifuu cha nazi mpaka alasiri ikaingia. Kibibi akapata vizibo. Zaharani akapata filimbi ya refa. Ikabidi wamwite mwenye uwanja wake.

Mhina alikuja akawatazama, akasema, "Mmevuruga udongo, mngeniita mapema." Akawaamuru waondoke wote. Akasimama mwisho wa kifusi, akaanza kutembea, kisigino kwanza, kisha vidole. Alikwenda hivyo kwa saa nzima. Mara mbili alikanyaga vigae, damu ikamtoka, akaendelea. Kisha akasimama karibu na nguzo ya goli, akafumba macho, akasema, "Ipo. Niko juu yake."

Akainama, akaichimbua kwa kucha. Na hapa ndipo palipobaki kidogo tu mambo yaharibike kabisa. Waokota sarafu wote wana desturi moja: wakipata ya zamani huisugua kwa mchanga ing'ae. Mhina alishachota mchanga mkononi. Kibibi akamshika kiwiko. "Usisugue! Ile imelika tangu zamani, mzee anapimia hivyo hivyo ilivyolika. Ukiisugua itapungua." Mhina akaachia mchanga. Zaharani akaimwagia maji ya kopo lake la kunywa, ikatakata. Wakaja nayo watatu, kila mmoja kaishika kwa kidole kimoja, kama watu wanaobeba jeneza dogo.

Mzee Maftaha aliipokea, akaipapasa ule upande uliolika, na machozi yakamtoka. Akamtuma mtu amwite Bi Mize, na shemeji yake naye asikose. Mkufu ukawekwa sahani hii, sarafu na mbegu nne sahani ile. Mizani ikapanda, ikashuka, ikatulia sawasawa. Bi Mize akamshika mkono, akasema, "Nisamehe, baba." Shemeji alitazama viatu vyake. Nilivishona mimi vile viatu, na hajamaliza kunilipa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kisha mzee akageuka. "Haya. Nani kaileta?"

"Mimi," wakasema wote watatu.

Kibibi akasema, "Bila mimi mngekuwa mnatafuta msikitini mpaka leo. Tena nimeiokoa mara mbili, mara ya pili na mchanga wa huyu."

Zaharani akasema, "Bila mimi ungekuwa bado umepiga magoti kwenye samaki. Mahali ulipopasikia palikuwa pamekwisha kuwa mahali pengine."

Mhina akasema, "Nyote mlikuwa juu yake na hamkuiona. Nami ningeweza kusimama pale nikanyamaza, nikarudi kesho peke yangu. Sikunyamaza."

Mzee Maftaha akashika kichwa. Nikamwambia, si uwachukue wote. Akasema mizani imezoea mkono mmoja. Wakipima watatu kila mmoja atatoa kipimo chake, na siku ikitokea lawama hakuna atakayesema ni mimi. Yeye mwenyewe karibuni kaitwa mwizi, na alikuwa peke yake. Wakiwa watatu je? Msijisumbue kujibu.

Basi kafanya nini mzee wa watu? Kaenda kwa bintiye Pangani kutibiwa macho, na ufunguo wa duka kaniachia mimi. Kasema, "Fundi, wewe umewaona wote tangu mwanzo. Mpe mmoja. Nikirudi Jumamosi nataka nimkute kakaa kwenye kigoda." Mimi! Mtu ambaye hata sarafu yake mwenyewe anaonyeshwa iliko.

Nimejaribu kila kitu. Nimewaambia wapige kura, kila mmoja kajipigia. Nimesema turushe shilingi, Zaharani akanikumbusha kwamba shilingi ina pande mbili na wao ni watatu. Nimemuuliza imamu, kasema atafikiri. Bado anafikiri. Nimewaambia wawili wamwachie mmoja kwa hiari, kila mmoja akatazama pembeni, na nikaona haya kwa kuwaambia.

Maana najua wanachokitaka. Hawataki dhahabu. Wanataka kukaa mahali penye paa, na mtu akipita awasalimie kwa jina la kazi, awaite Fundi. Miaka yote wameinamia ardhi kutafuta vilivyowaponyoka wengine.

Na laiti wangesubiri. Hawakusubiri. Juzi Kibibi kagawa ubuyu wake wote kwa watoto wa chuo cha Kurani, kasema sonara hauzi ubuyu. Zaharani kaipaka chokaa baraza ya duka, kwa chokaa ya kukopa, na kila asubuhi anaifagia. Na jana Mhina kaja kibandani kwangu. Katazama viatu nilivyotundika, kisha kasema, "Fundi, nataka viatu. Sonara hawezi kukaa peku mbele ya mabibi harusi." Nimempima unyayo. Umejaa makovu, sikuona pa kushika. Nikampa jozi iliyokuwa tayari; kavivaa, kaondoka akijikwaa njia nzima kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Leo ni Ijumaa. Ufunguo ni huu hapa, utazameni, nimeuchoka. Kesho alfajiri watakuwa wamesimama pale barazani, Kibibi bila ubuyu, Zaharani na ufagio wake, Mhina na viatu vyake vipya, na mimi nitanyoosha mkono mara moja tu.

Haya, wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo, shika ufunguo huu. Utauweka mkononi mwa nani? Na wale wawili utawaambia nini?