Firigisi ya Namba Saba

Wenzangu, hadithi hii nilipewa bila mwisho, na bila mwisho nitawapa. Nikifika pale nilipoachwa mimi, nitanyamaza, na maneno yatakuwa yenu.

Palikuwa na vijana watatu katika klabu ya raga ya Sikulu, upande wa Bungoma. Nitayataja majina yao kamili, kwa maana majina ya nusu yameleta ugomvi mwingi.

Wa kwanza aliitwa Gaudensio Lusweti Wabwile, fundi wa kinu cha unga. Kipaji chake kilikuwa mguu. Ungemwekea kopo juu ya ukuta, angeliangusha kwa mpira kisha akakuuliza kama unalo jingine. Lakini mtu mnene akimjia mbio, Lusweti alifumba macho na kukumbatia hewa.

Wa pili aliitwa Zakayo Mukhwana Situma, dalali wa ng'ombe. Kipaji chake kilikuwa macho. Sokoni alimtazama fahali akisimama tu, akajua ni mguu upi utakaochechemea kesho. Uwanjani aliwatazama watu kwa namna hiyo hiyo, na alichokiona alikitangaza kwa sauti ya mnada. Lakini mbio hakujaliwa. Wenzake walisema kivuli chake humtangulia hata saa sita mchana.

Wa tatu aliitwa Protus Khisa Nalianya, mbeba matofali. Khisa ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na Mukhwana ni jina la pacha. Lakini mapacha aliowafuata huyu ni wa nyumba ya Nalianya, si wa nyumba ya Situma, tusije tukawafanya ndugu. Kipaji chake kilikuwa mbio na chenga. Kumshika kulikuwa kama kushika sabuni yenye maji. Lakini mpira ukimfikia, ulikuwa umefika nyumbani. Hakumpa mtu.

Raga yao ni ile ya watu kumi na watatu kila upande. Timu hubeba mpira, mbebaji huangushwa, huinuka, humsukumia mwenzake mpira nyuma kwa mguu, nao hubeba tena; ikiangushwa mara ya sita, mpira ni wa wapinzani. Kwa hiyo lazima awepo mmoja wa kuamua kila mara: tukimbie, tupasiane, au tupige? Huyo ndiye huvaa namba saba. Namba saba kamili huona, hukimbia na hupiga. Sikulu walikuwa naye, ila Mungu alikuwa amemgawa katika watu watatu.

Jezi yenyewe ilitunzwa na Mama Rispa Nasambu, mjane wa Yohana Kundu Wamalwa aliyeanzisha klabu. Mnajua desturi ya kule: kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mgeni hagusi mpaka apewe. Basi siku Sikulu waliposhinda mara ya kwanza, Kundu aliisukuma firigisi yake mbele ya mchezaji aliyeona anastahili shukrani, akamwambia, "Kula, na jezi namba saba ni yako mpaka mwingine aile." Ikawa sheria. Kundu alipofariki, mkono wa kutoa firigisi ukawa wa Mama Rispa.

Sheria ilikuwa na mambo mawili. Firigisi hairudi jikoni. Na firigisi haikatwi. La pili walijifunza kwa kichwa, kwa sababu mwaka mmoja Kundu aliwahurumia wawili akaikata kati. Mechi iliyofuata wote wawili walijiona namba saba, wakaukimbilia mpira mmoja, wakagongana vipaji vya uso. Walibebwa nje wote wawili, na mpira ukabaki peke yake uwanjani kama yatima.

Sasa, namba saba wa mwisho, Barnaba Wangila, aliumia goti akaacha mchezo. Ikaja fainali dhidi ya Lukhome. Mshindi angevuka mpaka kwenda kucheza Mbale. Kocha wao, Mwalimu Ezron Chemiati, alishindwa kuchagua, akawaingiza wote watatu kwa namba nyingine. Jezi namba saba ilibaki imetundikwa ukutani kwa Mama Rispa, imefuliwa na kupigwa pasi.

Mama Rispa alikaa kando ya uwanja kwenye kigoda chake, akaona kila kitu.

Aliona kipindi cha kwanza kila mmoja akilipisha timu nzima kwa kasoro yake. Lusweti alifumba macho, mtu wa Lukhome akapita akafunga. Mukhwana aliona hatari ikija upande wa kushoto, akaitangaza vizuri sana, lakini alipoifikia walikuwa wameshafunga tena. Khisa alikimbia huku wenzake wawili wakiwa wazi kando yake, akazungukwa, akapokonywa.

"Mwalimu," Mzee Petro Namachanja, shabiki wao wa siku zote, alimwambia kocha, "hawa watatu ungewapika chungu kimoja ungepata mchezaji."

"Kuni zenyewe ungetoa wewe?" Mwalimu Chemiati akajibu, bila kugeuka.

Kipindi cha pili Sikulu walijikaza wakasawazisha. Filimbi ya mwisho ilikuwa karibu, na mpira ulikuwa wa Sikulu, lakini mbali, karibu na mstari wao wenyewe. Waliubeba, wakaangushwa, wakaubeba, wakaangushwa. Wale walioketi wakasimama.

Hapo Mukhwana akaona. Katika ukuta wa Lukhome kulikuwa na jitu moja lililoshika magoti. Kila mtu alidhani limeinama kujiandaa. Mukhwana alitazama mbavu zake kama anavyotazama za fahali, akajua pumzi imekwisha. "Khisa! Kulia kwa huyo anayesujudu!"

Hapo Khisa akakimbia. Alipita kulia kwa lile jitu, nalo likanyoosha mkono likashika upepo. Aliwapita wawili wengine, akala zaidi ya nusu ya uwanja. Mbele yake akabaki mlinzi mmoja tu, na Khisa mnamjua. Lakini nyuma watatu walikuwa wanamfikia, na sauti ya mnada ikamfuata: "Lala nao! Lala nao, bwana!" Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Khisa alitii. Alilala, ameukumbatia mpira, na haukumtoka.

Hapo Lusweti akapiga. Khisa aliinuka akausukuma mpira nyuma kwa mguu, Mukhwana akafika akihema, akauokota akamrushia Lusweti. Katika mchezo ule, ukiudondosha mpira ukaupiga unapogusa nchi, ukapita kati ya milingoti, unapata pointi moja. Watu wawili wa Lukhome walimjia Lusweti, wakubwa wote. Safari hii hakufumba macho. Mpira ulipita katikati ya milingoti, yeye akiwa amelazwa chini yao na hajauona. Ilibidi aulize.

"Umeingia?"

"Umeingia," Khisa alimwambia, akimvuta mkono ainuke. "Asante."

"Asante ya nini? Mimi ndiye wa kukushukuru wewe."

Mama Rispa aliyasikia hayo, akainuka kwenda kumchinja jogoo.

Jioni wakaketi uani kwake. Ua ulikuwa wake, lakini alijua deni liko upande gani. Kundu alipofariki, ndugu zake walikuja siku ya maziko, wakaondoka na maturubai. Waliobaki ni hawa. Lusweti alimsagia mahindi msimu mzima. Mukhwana alimtafutia ng'ombe wa maziwa asiye na hila. Khisa alibeba matofali ya jiko hili ambalo moshi wake ulikuwa unapanda sasa. Angewapa kila mmoja jogoo mzima kwa moyo mweupe, lakini jogoo ana firigisi moja.

Akaileta katika kisahani, na mchuzi wake. Ugali ukafunuliwa. Wote walikuwa wamenawa, na hakuna anayemega kabla firigisi haijaliwa.

"Vijana wangu," alisema, "asanteni. Baba yenu angekuwepo, angesema zaidi. Sasa nimpe nani?"

Lusweti akasema, "Mama, mpe Khisa. Mimi nilipiga mpira ulioletwa mpaka miguuni. Mtu akikunywesha maji, utajisifu kwa kumeza?"

Kisahani kikaenda kwa Khisa. Khisa akatikisa kichwa. "Mpe Mukhwana, Mama. Nisingeonyeshwa pa kupita, ningepita katikati ya kifua cha lile jitu, na leo mngekuwa mnakula kwenye matanga yangu."

Kikaenda kwa Mukhwana. "Kuona si kuua," alisema. "Nikimwona nyoka nikapiga kelele, nyoka amekufa? Mpe Lusweti, aliyeua."

Kikarudi kwa Lusweti, kikaenda tena kwa Khisa. Mzee Petro, ambaye njaa yake haikuwa na subira, akasema, "Jamani, hicho kisahani kitafika Mbale kabla yenu. Si mkate vipande vitatu?"

"Mzee, bado uvimbe wa mwaka ule tunauona," Mwalimu Chemiati alimjibu.

"Basi Mama aile mwenyewe," Khisa akasema.

Mama Rispa akacheka. "Nikiila, nitavaa jezi. Mko tayari kunivalisha kaptula mbele ya watu wa Mbale?"

Wote wakacheka, naye akakivuta kisahani mbele yake. Alikuwa mwanamke mzima. Alijua unyenyekevu wa mezani si ule wa uwanjani. Wakifika Mbale, mmoja ataamua na wawili watafuata. Tena Lukhome walikuwa wameshatuma salamu: atakayekosa jezi Sikulu, kwao ataipata. Akiitoa firigisi kama mtu anayelipa, atabakiwa na mmoja. Akiitoa vizuri, hata wasioila watashiba.

Akajaribu kumkumbuka Kundu. Je, ile firigisi ilikuwa shukrani ya mechi iliyochezwa, au mzigo wa mechi inayokuja? Kama ni shukrani, nani alifanya zaidi leo? Kama ni mzigo, ni kasoro ipi ambayo timu inaweza kuibeba: ya mguu mzuri uliojifunza ujasiri mara moja, ya macho mazuri yasiyo na mbio, au ya mbio nzuri zilizotii mara moja? Miaka yote ile aliipika, na Kundu hakuwahi kusema, naye hakuwahi kumwuliza.

Mchuzi ulianza kuganda pembeni ya kisahani. Vijana watatu walimtazama, mikono yao iliyonawa ikikauka. Mama Rispa Nasambu akaishika firigisi kwa vidole viwili, akainua mkono.

Mimi niliachwa hapo, mkono ukiwa juu, ugali ukipoa. Nanyi mmenisikiliza vizuri, ninawashukuru. Basi, wewe uliye karibu nami, na wewe wa nyuma uliyekuwa unatabasamu: mkono ule ungekuwa wako, firigisi ungemlisha nani? Na wale wawili wengine ungewaambia nini, ili wale ugali wao kwa furaha na kesho warudi uwanjani?