Kwa Nini Moto Haukatwi Nusu

Enzi hizo moto ulikuwa kama uji. Ulichota kiasi chochote ulichotaka, ukapunguza, ukapunguza tena, na hakuna mahali kisu kilipogota. Kule milima ya Uporoto, ambako ukungu unaingia mpaka kitandani, jiko la kijiji kizima lilikuwa la mzee mmoja, Ambakisye. Asubuhi watu walipanga foleni kwake na vigae, wakiomba moto.

Siku moja akaja Sekela. Mtoto wake mchanga, Tusajigwe, alikuwa amepoa kwa baridi mgongoni mwake.

"Baba, nipe wa kumtosha mtoto tu."

"Nyie mkipewa mnauota mpaka na mbwa wenu," alisema Ambakisye.

Akaukata moto nusu. Akauona bado mwingi, akakata nusu ya nusu, na nusu ya hiyo, taratibu, huku anatafuna kiazi. Mwishowe akampa kitu ambacho ukikikazia macho hukioni.

Sekela akakiweka kifuani pa mtoto. Mtoto akafumbua macho, lakini hakupumua. Alikuwa amelala vilevile, ila kivuli chake ukutani kikaanza kutambaa. Mama akiita "Tusajigwe," kinachogeuka ni kivuli. Hakufa, hakupona. Siku tatu hivyo hivyo.

Siku ya nne Sekela alimbeba mpaka jikoni kwa Ambakisye. Akampita mzee, akauinamia moto wenyewe.

"Umenigawia mtoto asiyekuwepo wala asiyeondoka. Mpe kitu kizima, au chukua na hicho ulichompa."

Moto ulijibu, na sauti ilikuwa ya kitoto kichanga. "Kizima kinaweza kumuunguza."

"Mpe."

Cheche moja ikatoka. Haikupita hewani. Ilikuwa jikoni, halafu ikawa kifuani. Mtoto akalia kwa nguvu.

Ambakisye alinyanyua kisu aikate cheche nyingine. Kisu kikagota, bila mlio wowote.

"Kimekuwa butu hiki," alisema.

"Si kisu, baba," alisema Sekela, akaondoka na mwanawe.

Basi kuanzia asubuhi ile moto na mwanga hutoka punje kwa punje, haviteremki kama uji tena. Wasomi wa fizikia punje hiyo wanaiita kwanta: unaichukua yote au unaiacha yote, katikati hakuna. Na kule Uporoto jirani akija kuomba moto, anapewa kaa zima au anaambiwa hapana. Ukimvunjia kaa vipande viwili, akina mama wote waliopo wanageuka kwanza kuangalia kama watoto wao wanapumua.